Naomba Mturudishie Pazia la Kupigia Kura

Ndugu Msimamizi wa Uchaguzi wa Kata,

Mimi ni karani wa masjala, kwa mkataba wa miezi sita unaokwisha Jumatatu. Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa mwandiko mdogo, ili asiyehusika asiusome kwa mbali. Mmetutangazia kwamba safari hii diwani atachaguliwa kwa simu, kwenye mtandao, kila mtu popote alipo. Tatizo langu, Ndugu, ni hapo nilipo.

Wagombea ni wawili. Mmoja ni mkunga mstaafu, aliyenipokea nilipozaliwa na ambaye bado hunisimamisha njiani kuniuliza kama nimekula. Wa pili ni mkuu wangu wa kazi, tunayemwita Mzee Muhuri kwa sababu muhuri wa ofisi huuvaa shingoni kwa kamba. Yeye ndiye atakayesaini mkataba wangu, au asiusaini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeondoa pazia. Nyumbani tuko tisa katika vyumba viwili. Kazini meza yangu inatazamana na ya Mzee Muhuri, na akikohoa, karatasi zangu zinapepea. Maisha yangu yote, ni nyuma ya lile pazia lenu tu nilikowahi kukaa peke yangu huku serikali ikiwaambia wengine wasubiri. Uchaguzi uliopita nilikaa humo hadi askari akauliza kama nimezirai. Sikuzirai. Nilikuwa napumzika.

2. Namba ya siri. Mliituma kwenye simu yangu, ambayo ni yangu kwa jina tu. Bibi huitumia kama tochi, na wadogo zangu huichezea hadi iishe chaji. Ujumbe wenu ulipoingia alikuwa nayo mama mdogo jikoni, naye si mchoyo wa habari. Aliisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, ili nisikie nikiwa naoga. Jirani wa upande wa pili wa ukuta akamwomba arudie ile ya mwisho, hakuisikia vizuri.

3. Uso. Jumanne Mzee Muhuri alituagiza tupigie kura kazini, kwa kuwa mtandao wa pale una nguvu, akasimama nyuma ya kiti changu kunisaidia. Mfumo wenu hutaka kwanza kuutambua uso wa mpiga kura. Wangu, yeye akiwa nyuma yangu, haukutambulika mara tisa. "Tabasamu, kijana," akasema, "unapiga kura, hupimwi homa." Nilitabasamu. Nikambonyeza yeye.

4. Nakala. Masjala hakiingii kitu bila nakala tatu. Kwa hiyo picha ya kila skrini ilichapwa: moja ya mpiga kura, moja ya jalada, moja ya mgombea kwa taarifa. Kufungua majalada ni kazi yangu, nami niliifanya vizuri, Mungu anisamehe. Nilizipanga kura za wafanyakazi kumi na wanne kwa herufi na kuyagonga majalada yote SIRI. Kwa kuwa muhuri uko shingoni, Mzee Muhuri aliniinamia mara kumi na nne. Kisha nikayaweka rafu ya mbele, ambako mambo ya siri hukaa ili yasipotee. Mama wa chai wa hapa ofisini, mpangaji wa yule jirani yetu, amekwisha kuja kuazima lake. Anasema kasahau alimchagua nani.

5. Kwa mwendo huu, uchaguzi ujao hatutasumbuliwa hata kubonyeza. Tutaitwa tu kusaini kwamba kura zetu tumeziona.

Kwa hiyo naomba uchaguzi usimamishwe, mtandao uzimwe kata nzima, na pazia lirudishwe. Mkiliweka hapa masjala moja kwa moja, hata pasipo uchaguzi, nitashukuru zaidi. Nitakuwa naingia dakika mbili asubuhi na mbili mchana.

Barua hii nayo, kwa utaratibu, ina nakala tatu. Ya kwanza ni hii. Ya pili iko katika jalada la "Panya na Mchwa". Ya tatu, ya Mzee Muhuri kwa taarifa, nimeikalia, na sijainuka kitini tangu saa nne. Naomba jibu la haraka.

Nisalimie wote hapo ofisini, na yule askari mwambie sijambo.

Ni mimi, mwenye hofu na heshima,
Karani, meza ya pili kutoka mlangoni

Tanbihi: Ndugu Msimamizi, sasa niko nyumbani, na nakala ya tatu iko ndani ya shati. Tafadhali usisimamishe chochote. Bibi, akitafuta dawa zake kwa simu yangu, amesoma mstari wa mwisho wa ujumbe wenu: kura inaweza kubadilishwa hadi Ijumaa saa kumi jioni, na inayohesabiwa ni ya mwisho. Nimeingia chooni, nikafunga komeo. Uso umetambulika mara ya kwanza. Nilipotoka nilikuta foleni ya wapiga kura hadi jikoni. Bibi ameingia na simu, amekaa dakika kumi na saba, ametoka, na mama mdogo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hajauliza amemchagua nani. Sasa jirani anagonga ukuta, anaomba azunguke aje na mama wa chai. Msiuzime mtandao kabla ya hiyo Ijumaa saa kumi. Choo ni kimoja na tuko wengi.