Hotuba Kutoka Juu ya Mawingu

Jumatano, 4 Juni
Mama mkwe ametundika sebuleni picha ya mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu, akiwa kileleni mwa mlima, theluji magotini, meno yote nje. Pale pale palipokuwa na picha yangu nimeshika kipaza sauti! Mimi nimehamishiwa kwenye ujia wa chooni. Mwanyumba ni fundi wa majokofu. Fundi wa majokofu kupigwa picha kwenye barafu, ajabu iko wapi? Yuko kazini.

Pigo la pili: Jumapili wakwe wanaadhimisha miaka hamsini ya ndoa, na baba mkwe hajaamua nani atahutubia. Hajaamua! Tangu nimwoe binti yake, hakuna hotuba ya ukoo huu iliyopita kinywani mwa mwingine. Eti safari hii wageni wangependa kusikia habari za mlima.

Vema. Yeye alipanda kwa siku mbili. Mimi nitapanda na kushuka Jumamosi, siku moja.

Alhamisi, 5 Juni
Redio imetangaza ukungu mzito, upepo na theluji. Safi! Kupanda penye jua ni matembezi.

Mke wangu ameuliza mtu anayepumzika kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza anafuata nini mlimani. Heshima, nikamjibu. Akasema basi nianzie jikoni, bomba linavuja.

Mwanyumba ameniletea viatu vyake, glavu na ushauri: hali ikichafuka, nigeuze. Husuda iliyoje! Nimepokea glavu, ushauri nimeuacha mlangoni. Viatu vinanipwaya. Hata kwa miguu amenizidi!

Jumamosi, 7 Juni
Nimeondoka alfajiri. Katikati ya mlima, penye kibanda cha mapumziko, kiongozi wa wapandaji ametugeuza sote. Nilimweleza kwa lugha ya staha uzito wa jambo langu. Akasema, “Mzee, huko juu hata mimi siendi.” Mzee!

Ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kutoiona glavu yangu mwenyewe. Hapo ndipo akili ikafunguka. Ukungu ni ukungu, uwe wa katikati au wa kileleni. Picha haiwezekani, lakini sauti je? Nikaingia kibandani kuukwepa upepo, nikarekodi ujumbe kwa kundi la familia: “Wakwe zangu watukufu, nazungumza nanyi kutoka juu ya mawingu, mahali ambapo binadamu husimama peke yake na Muumba wake...” Sauti ilitetemeka kwa ufasaha. Nikatuma.

Kisha nikausikiliza. Baada ya “Muumba wake”, wazi kabisa, mpishi wa kibanda: “Baba, supu nikuongeze au nioshe bakuli?”

Na sauti yangu: “Niongeze.”

Nilipotaka kuufuta, mtandao ukakatika.

Jumapili, 8 Juni
Wajukuu wamenipokea getini kwa wimbo: Niongeze! Niongeze! Baba mkwe hakunitazama usoni. Kipaza sauti akampa mwanyumba.

Nilitegemea ajisifu, awachoshe watu. Hakutaja kilele chake hata kidogo. Alisimulia supu yangu! Aliuvumisha upepo kwa mdomo, akaniigiza mimi, akamwigiza mpishi, na kabla ya “niongeze” akanyamaza kidogo. Kunyamaza kule ni mbinu yangu ya hotuba! Mama mkwe alicheka mpaka akaangukia bega la jirani. Baba mkwe akaomba irudiwe. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Aibu yangu, makofi yake! Hata fedheha yangu mwenyewe ameisimulia vizuri kuliko ambavyo ningeisimulia mimi. Baadaye akanikumbatia, akasema kwa hali ya hewa ile yeye asingetoka hata kitandani. Nimekosa usingizi.

Jumatatu, 9 Juni
Mke wangu amesema nimshukuru shemeji yake, kwani amegeuza hasira ya baba yao kuwa kicheko. Amesema pia kwamba mwezi ujao mwanyumba atavuka ziwa kwa kuogelea.

Nitavuka kwenda na kurudi. Kuogelea nitajifunza hukohuko majini.