Valvu ya Jenerali

Sapar, fundi wa magari, alikuwa akinywa chai pembeni ya soko la Osh aliposikia matairi yakilia. Akageuka, akaona gari jeupe kuukuu, la enzi za Wasovieti, likijaribu kusimama. Mbele lilikubali, nyuma likakataa. Mkia ukazunguka mpaka gari likawa linatazama lilikotoka, na ndani yake Turgunbai, muuza aprikoti kavu, ameshika usukani kama mtu aliyeshika dua.

Watu wakamshukuru Mungu. Sapar naye akashukuru, kwa sababu zake.

Turgunbai hakustahili huruma. Gari alilipata kwa mjane wa mtaani kwake, baada ya kumtisha wiki nzima kwamba breki zimekufa na hata wanunua vyuma hawatalitaka. Sasa alikuwa amegundua kwamba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alisema kweli.

"Kaka, pole," Sapar akamwambia, akiinama dirishani. "Pedali inazama?"

"Hapana. Ngumu tu."

"Mafuta ya breki yanavuja?"

"Hayavuji."

"Lakini ukikanyaga, magurudumu ya nyuma yanaganda kwanza."

"Umejuaje?"

"Mchawi wako ameshikwa."

Mchawi ndilo jina ambalo mafundi wa Osh wamekipa kivalvu cha breki kinachokaa karibu na ekseli ya nyuma. Gari likiwa tupu, hubana mafuta yasiende kwa nguvu nyuma. Likibeba mzigo, huyaachia. Kikiliwa na kutu ndani, huachia siku zote, na gari tupu hukimbiwa na mkia wake. Sapar aliyajua hayo vizuri. Alichokosa ni nia ya kutengeneza.

"Ninayo valvu moja," akanong'ona. "Imetoka kwenye gari la jenerali. Gari lilikaa ghalani tu, halikuwahi kutembea."

"Jenerali gani?"

"Kaka, majenerali hawatajwi sokoni."

Turgunbai akalainika. Kumiliki kitu cha jenerali kwa bei ya kondoo mmoja kulimpendeza sana. Sapar akaingia uvunguni, akafungua valvu, akaenda nayo nyuma ya vibanda vya mazulia. Huko akaisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, akaipaka rangi ya fedha, na kutu yote ya ndani akaiacha ikae kwa amani. Kisha akairudisha palepale ilipotoka.

"Tujaribu," akasema Turgunbai.

"Na gari tupu? Utaiaibisha. Pakia magunia."

Wakapakia aprikoti mpaka nyuma ikainama. Turgunbai akakimbiza gari, akakanyaga, likasimama limenyooka. Kwa mzigo ule lingesimama hivyo hata na ile kutu, lakini nani wa kumwambia? Akamkumbatia Sapar kama ndugu. Sapar akaondoka na kondoo wake, akijihurumia kwa kuwa na akili nyingi katika mji wenye akili chache.

Wiki iliyofuata alirudi nyumbani akalikuta lile gari uani. Mkewe Saltanat alikuwa akifuta kioo kwa mkono wa gauni. Mama mkwe, Mama Burmakan, alishakaa kiti cha mbele na furushi la mikate mapajani, tayari kwa harusi ya mpwa wake ng'ambo ya mlima wa Chyrchyk.

"Letu hilo," Saltanat akasema. "Nimeuza bangili na cherehani. Turgunbai kaniapia kwamba breki zake kazitengeneza fundi bora wa Osh. Nikamuuliza, fundi gani? Akasema Sapar. Sasa ningebisha nini?"

Sapar akashika mlango wa gari. "Twende kesho."

"Harusi ni leo."

"Basi tupakie unga nyuma. Magunia kadhaa."

"Wana unga wao."

"Tumbo linaniuma."

"Baki," akasema Mama Burmakan. "Mwanangu anajua kuendesha."

Saltanat akawasha gari. Sapar akauona moyoni mteremko wa Chyrchyk, kona zake na malori ya ng'ombe. Wake za watu wengine alikuwa amewapeleka huko na breki kama hizi mara nyingi, akalala usingizi mnono. Huyu alikuwa mkewe. Akasimama mbele ya gari.

"Zima. Valvu ni ileile."

"Ya jenerali?"

"Hakuna jenerali."

Saltanat akazima, akachomoa ufunguo. Ndipo mama yake akauliza, kwa upole wa kutisha, "Wangapi hapa mjini wana jenerali wako?"

"Wengi, mama."

Wakaenda harusini kwa gari la kukodi, bila yeye. Sapar akamkimbilia Turgunbai sokoni, amrudishie Saltanat pesa zake. Turgunbai akamkaribisha chai.

"Unasema kazi yako ni mbovu? Sema kwa sauti, mdogo wangu. Wateja wako wamejaa hapa."

Sapar akanywa chai, akaaga.

Waliporudi, Mama Burmakan akaamuru yule kondoo auzwe, inunuliwe valvu ya kweli, na gari lisukumwe mpaka langoni, kando ya barabara. Sapar akaingia uvunguni. Mama akaweka kigoda kando ya miguu yake.

"Mkweo anafanya nini, mama?" akauliza mpita njia.

"Anamtoa jenerali," akajibu, akamsimulia yote, polepole, bila kuruka kitu. Na aliyefuata vilevile.

Mchana akaja msambaza mikate na gari lake, mteja mwingine wa jenerali. Akasalimu kwa adabu, akauliza aliache wapi.

"Lipange nyuma ya hili," akasema Mama Burmakan. "Ila acha nafasi. Wenzako wanakuja."