Kivuli cha Mlingoti

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa shule katangaza: Ijumaa mkaguzi anakuja kutazama somo la sayansi. Atakayempendeza atapewa uongozi wa idara. Mwalimu wa hesabu, tunayemwita Bwana Desimali, akatabasamu kama aliyekwisha kuapishwa. Sikulaza damu. Darasa langu litapima kivuli cha mlingoti wa bendera kila saa, siku tatu, na kuandika kwenye jedwali. Rahisi kama kumsukuma mlevi.

Jumanne, 5 Machi
Sielewi. Kundi la kwanza limepata kivuli cha mia tatu, la pili mia moja na kumi na nane. Mlingoti uleule, saa ileile. Kumbe la pili limepima kwa inchi. La tatu limeandika saa kwenye safu ya urefu, hivyo saa nne kivuli kilikuwa sentimita nne. Bwana Desimali akapita, akauliza mbona juu ya safu hakuna vipimo. Nikamjibu kwamba wanafunzi wangu wanajua wanachopima. Hawajui. Hata mimi nimeanza kusahau.

Jumatano, 6 Machi
Mvua kutwa. Kiranja, binti asiyepindishwa na mtu, kaandika "hakuna kivuli" kila kisanduku. Nikamweleza kuwa wakaguzi hawapendi mapengo. Akaniuliza kwa adabu, "Sasa mwalimu, tuandike nini?" Nikamtuma chaki.
Nyumbani nimenakili jedwali upya. Jumatano nimeipa namba za Jumanne, nikapunguza hapa, nikaongeza pale, zionekane za kweli. Mke wangu akachungulia, akasema jua la kwenye karatasi halikaushi nguo. Nikamwambia sayansi ina mambo yake.

Alhamisi, 7 Machi
Jua limerudi. Lakini kadiri adhuhuri ilivyokaribia, kivuli kikazidi kufupika. Nikashuku futi kamba. Nikaazima nyingine kwa seremala. Kikafupika zaidi.

Ijumaa, 8 Machi
Mkaguzi ni mama mpole. Kasoma jedwali langu, kaguna. Akauliza Jumatano tulipimaje kivuli, maana koti lake mpaka leo bichi. Nikasema jua lilichungulia kidogo.
"Kila saa?" akauliza.
Kiranja akampelekea jedwali lao la awali. Mkaguzi akalionyesha darasa zima. Akasema kisanduku kisicho na namba, kikiandikwa sababu, ni kazi safi kuliko namba ya kubuni. Akataka kumjua mwalimu aliyemfundisha hayo. Nikaweka tai sawa, nikaanza kuinuka. Binti akasema ni mwalimu wa hesabu.
Uongozi wa idara ya sayansi umekwenda kwa mtu wa hesabu. Bado sijaelewa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimewaza asubuhi nzima, na kosa nimeliona. Jua si kitu cha kutegemea. Wiki ijayo tunapima mvua. Jedwali nimeshalijaza.