Ombi la Kuandikishwa Chini ya Korongo

Kwako Mzee Appolinaire, Mwenyekiti wa Kamati ya Viwanja,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Gaudiose. Sisi ni wazima, isipokuwa kwa habari uliyotuletea Jumatatu, kwamba ikifika Jumamosi korongo wetu mwenye taji awe ameondoka kiwanjani, la sivyo mtamchukua nyinyi. Ulisema mbele ya majirani: "Ile ndege haiko na fasi huku mu manyumba, fasi yake ni kule mu maji." Nimelitafakari neno hilo kwa heshima zote, nikaona lina kasoro zifuatazo.

1. Kwa mpango wa kijiji, juu ni makazi, katikati ni mashamba, chini ni kinamasi. Sawa. Lakini kinamasi hicho kamati yako ilikigawa mwaka juzi, na pale walipokuwa wakitaga korongo sasa pana kabichi zangu. Wewe mwenyewe ulizisifu. Ndege aliyeondolewa kwao akapanda juu kutafuta pa kukaa hajavunja mpango wowote. Amefanya kama tulivyofanya sote hapa kambini Nakivale.

2. Orodha yenu inaruhusu kuku, bata, mbuzi na nguruwe. Nguruwe wa Mama Viviane ameshalala katika maharagwe yangu, kihalali kabisa. Korongo wetu hupiga kelele akiona mgeni tu, kama yule aliyelinda ua wa baba yangu kule Burundi, tuliyemwita umusambi. Kwamba alikupigia kelele wewe na kukufukuza hadi barabarani ni ushahidi kuwa kazi anaijua.

3. Nilikwenda hadi Mbarara kuuliza. Afisa mmoja akaniambia, "Mzee, hiyo ndege iko ya serikali, iko kwa bendera." Nilifurahi sana. Kama yumo kwenye bendera ya Uganda, basi ni mwananchi. Mimi ni mkimbizi. Ili nifike Mbarara kumsemea nilihitaji ruhusa. Yeye huenda apendako. Sijasikia sheria inayomruhusu mkimbizi kufuga mwananchi, kwa hiyo ni wazi kwamba si mimi ninayemfuga. Ananifuga yeye.

4. Kutokana na hayo, naomba kiwanja kiandikwe kwa jina lake, na mimi na Gaudiose tuandikishwe kama wanyama wake. Masharti ya makazi tunayatimiza: usiku hatupigi kelele, hatuingii mashamba ya watu, na chanjo tumepata zote.

Mzee, usidhani nafanya mzaha. Tangu binti yetu Clémence aende Kanada nyumba ilikuwa kimya, Gaudiose akawa anapika bila kusema neno. Sasa kila asubuhi anapiga makofi, korongo anatandaza mabawa na kuruka-ruka, na mke wangu anacheka mpaka anaketi chini. Nampenda ndege huyu, naandika bila haya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena utetezi wetu wote umesimama juu ya jambo moja: anakaa kwa hiari yake. Hana kamba wala kizimba. Lango liko wazi, na haendi. Mkimchukua, mtakuwa mmemtoa kwa nguvu mahali alipochagua mwenyewe, na jambo hilo hakuna hapa asiyejua linavyouma.

Nisalimie wanakamati wote na nyumba yako nzima. Mama Viviane naye msalimie. Nguruwe wake usijisumbue, tunaonana kila siku.

Wako mtiifu, mfugwa,
Herménégilde

N.B. Atakayeleta jibu lako tafadhali aje na mkasi. Ule tunaopunguzia manyoya ya mabawa yake umevunjika, manyoya yamerudi, na tangu jana anashinda juu ya paa akitazama ziwani. Mkasi uje leo, Mzee. Jumamosi tutakuwa tumechelewa.