Rufaa Dhidi ya Bao la Ndege ya Mafunzo

Timu ya Kata ya Nambis,
Mbulu.
14 Agosti, 2006

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kombe la Mavuno.

Shikamoo, mzee. Mimi ni Modest, karani wa muda wa kata na katibu wa timu yetu. Naandika kwa heshima na kwa haraka. Uniwie radhi kwa mwandiko.

Jumamosi tulikuwa tunaongoza dhidi ya Dongobesh, bao moja kwa bila, zikiwa zimebaki dakika mbili, ndipo ndege ndogo ya wanafunzi wa urubani ilipotua uwanjani. Ilipita katikati ya wachezaji, ikaingia golini kwetu na kunasa. Tulipoinua vichwa, mpira ulikuwa nyavuni. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini mwamuzi, Mwalimu Joakimu, alipuliza filimbi akaelekeza mkono kati. Nilipomfuata alinijibu, "Mpira umevuka mstari, kijana. Hata ungeletwa na tetemeko." Tukatoka sare, na sasa Kamati imeamuru mechi irudiwe Jumamosi ijayo.

Tunapinga kwa sababu hizi:

1. Ndege hiyo haimo kwenye orodha ya wachezaji. Orodha niliichapa mwenyewe. Tena ubavuni ina herufi, wakati kanuni inataka namba mgongoni.

2. Ilikuwa imeotea. Mabeki wetu wote walikuwa wameshafika mtoni, na mshika kibendera alikuwa amelala kifudifudi juu ya kibendera chake.

3. Ndani yake mlitoka watu wawili, mwanafunzi Letisia na mwalimu wake. Ukiwajumlisha na wale kumi na mmoja wa Dongobesh, tulicheza na watu kumi na watatu. Ndege yenyewe sijaihesabu, nisije nikaonekana napenda ugomvi.

4. Letisia aliposhuka alimwuliza mwalimu wake, "Nimefaulu?" Mwalimu alikuwa bado anasali. Walijibu mashabiki wa Dongobesh: "Umefaulu, dada!" Wakambeba juujuu. Mtu asiye wa timu habebwi.

Mzee, niseme ukweli wa moyo. Kipa wetu, Basili, alikimbilia msituni na hajaonekana tena. Nahodha Tluway ameniambia, "Wewe si ndiye unajua kanuni zote? Jumamosi utakaa golini." Mimi navaa miwani. Nikiona mpira unakuja, nafumba macho. Kwa hiyo naomba bao lifutwe, mechi isirudiwe, na ndege ipewe kadi nyekundu mara itakapotolewa nyavuni.

Nisalimie Kamati yote, Mama Perpetua anayewapikia chai, na Mwalimu Joakimu pia, nikipata nafasi ya kumsamehe.

Wako mtiifu, mwenye hofu nyingi,
Modest Patriki,
Katibu.

Nyongeza: Basili amerudi mchana huu, kabla sijafunga bahasha. Ameapa mbele ya timu nzima kwamba mpira ulimpita katikati ya miguu kabla ndege haijagusa ardhi. Alikimbia aibu, ndege hakuiona. Yuko tayari kukaa golini Jumamosi. Basi mechi irudiwe, mzee, hata kesho. Bao lilikuwa halali, tena zuri sana.