Kila Programu Itie Sahihi Getini

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimeteuliwa! Msimamizi wa kompyuta tano za ukumbi wa Ziwani. Kamati ilitafuta mtu wa kuaminika, na mtu huyo alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa. Miaka ishirini na sita nimelinda geti la karakana ya reli. Kompyuta tano zitanishinda nini?

Shida yenyewe: watu wanapakua vitu. Michezo, filamu, vidude vya kuchanganya muziki. Wafadhili waliotupa mashine hizi wanamtuma mkaguzi Jumamosi. Akikuta programu hata moja isiyoidhinishwa, kompyuta zote zinahamia ukumbi wa mtaa jirani, Tena. Watu wa Tena watatucheka hadi Krismasi.

Jecinta, katibu wa ukumbi, anasema dawa ni rahisi: kila mtu apewe akaunti isiyoweza kuweka chochote kipya, na paswadi kuu asiione mtu. Dakika kumi tu, eti. Nimemwambia asante, tutalifikiria. Paswadi nimekabidhiwa mimi. Na nikizuia kila kitu kuingia, nitakuwa nalinda nini?

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata njia. Kule getini hatukuwa tunamfukuza mtu, tulikuwa tunamwandika. Nimenunua kitabu kikubwa cha wageni na kuchora mistari mwenyewe. Jina la programu. Inatoka wapi. Inakwenda kumwona nani. Saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi.

Na mhuri! Nimechongewa mjini, River Road, mzuri ajabu: IMEIDHINISHWA, na chini yake N. WAKOLI, MSIMAMIZI. Jecinta ameuliza kama kuna mwingine wa IMEKATALIWA. Wivu tu.

Jumatano, 10 Septemba

Nidhamu ya kupigiwa mfano. Wamepanga foleni. Sydney, yule kijana wa muziki, wiki jana alikuwa ananisalimia "niaje, mzee wa geti". Leo nimekuwa bosi. Ameandikisha programu nne kwa mwandiko safi. Inatoka wapi: mtandaoni. Inakwenda kumwona nani: kompyuta ya tatu. Saa ya kutoka aliiacha wazi, nikamkaripia. Akaandika "jioni". Nikagonga mhuri, nikaweka paswadi, zikaingia.

Wacuka peke yake hakuandika kitu. Anasomea uhasibu kupitia mtandao, mtihani wake ni Jumatatu, na nyumbani kwao hakuna kompyuta. Ameniomba niwakataze wenzake, maana mashine zimeanza kujikokota. Nikamwonyesha kitabu. Akakitazama, akasema sawa mzee.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi kompyuta ya pili iliniarifu, kwa maandishi mekundu, kwamba ina virusi mia tatu na kumi na viwili na nibonyeze hapo ipone. Nikabonyeza. Bahati nilikuwepo! Tiba hiyo nimeiandikisha mwenyewe na kuigongea mhuri mara mbili, kwa sababu ilikuwa dharura.

Jecinta alipoiona alikaa chini. Akasema bado kuna muda, anaweza kufuta kila kitu leo, nimpe tu paswadi. Nimekataa katakata. Afute vitu vyenye mhuri? Mkaguzi akiuliza vimeenda wapi, tutamwambia nini?

Jumla hadi leo: programu arobaini na moja. Zisizoidhinishwa: sifuri. Ninasubiri kesho kwa hamu.

Jumamosi, 13 Septemba

Mkaguzi ni Bi. Truphena, mama mpole mwenye miwani. Nilivaa tai. Kabla hajakaa nikamkabidhi kitabu. Akasoma ukurasa baada ya ukurasa, nikaona kimemgusa. Akauliza mhuri ni wa nani. Wangu, nikasema, na sahihi pia. Akauliza nimekataa programu ngapi. Nikamweleza kwamba hakukuwa na haja, zote zilifuata utaratibu.

Akawasha kompyuta ya pili. Matangazo tisa ya kamari yakafunguka hata kabla haijamaliza kuwaka. Ya tatu haikuwaka kabisa. Sydney akasema kutoka nyuma kwamba programu zake zina kibali, ziko kwa kitabu. Kijana mwaminifu sana.

Bi. Truphena akamwambia mwenyekiti kwamba tangu aanze ukaguzi hajawahi kuona ushahidi uliopangwa vizuri namna hii. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha akatoka nje kuita pikapu.

Jumapili, 14 Septemba

Kompyuta ziliondoka jana saa tisa. Wacuka alisaidia kubeba nyaya hadi kwa gari, kisha akabaki amesimama ukumbini na daftari lake mkononi. Nilimhurumia, kusema kweli. Mtihani ni kesho. Nikamshauri asimlaumu mtu, mambo ya kompyuta ni magumu. Jecinta amempeleka kwa dada yake Buruburu akatumie kompyuta ya huko. Jecinta anapenda sana kuonekana.

Kamati imenivua cheo kwa kura kumi na moja dhidi ya moja. Sina kinyongo. Nimeketi, nimetafakari, na kosa nimeligundua: kitabu kimoja kwa kompyuta tano hakikutosha. Kila kompyuta inahitaji kitabu chake.

Huko Tena hawalijui hili, na sasa wana mashine tano bila msimamizi. Barua ya kuomba kazi nimeshaandika. Uzoefu: programu arobaini na moja kwa siku tatu, bila malalamiko kutoka kwa hata moja. Palipohitajika jina la mtu atakayenitolea ushuhuda, nimemwandika Bi. Truphena. Kazi yangu ameiona kwa macho yake.