Kunyimwa Viza kwa Kosa la Kutokuwa na Bosi

Kwa Mkuu wa Dawati la Viza za Wafanyakazi wa Mtandaoni,

Pole na majukumu. Mimi ni yule mwandishi wa tafsiri za filamu, yale maneno yanayopita chini ya skrini watu wakilia kwa lugha ya kwao. Mmekataa maombi yangu ya kukaa kwenu mwaka mmoja nikifanya kazi kwa kompyuta yangu. Nakata rufaa, kwa adabu zote nilizobakiwa nazo.

1. Mmetaka barua ya mwajiri inayoniruhusu kufanya kazi nikiwa mbali. Mheshimiwa, fomu yenu hiyohiyo inasema viza hii ni ya waliojiajiri. Basi nikajiandikia barua, nikajiruhusu, nikajitakia safari njema. Mkajibu kwamba sahihi ya mwajiri inafanana na ya mwombaji. Mlitaka ifanane na ya nani?

2. Mmetaka picha ya mahali ninapofanyia kazi. Ndiyo, ile ni meza ya kupigia pasi. Gauni lililoonekana nyuma ya kompyuta ni la shangazi yangu, wala si "dalili ya biashara nyingine" kama mlivyoandika.

3. Mmeuliza kwa nini kazi hii nisiifanyie nyumbani. Hapo mmenitonesha kidonda. Kwetu, mtu aliyekaa hana kazi. Mama akiniona nimevaa vipokea sauti anajua nasikiliza muziki, ananituma nikajaze mtungi wa gesi. Dada ananiachia mapacha wake, maana "si upo tu." Fundi bomba na msoma mita wote wanaelekezwa kwangu. Juzi, kwenye filamu ya mapenzi, pale mke anapomwambia mumewe kwamba anamwacha, nimeandika: "Mwambie fundi apitie mlango wa nyuma." Mteja amewaka. Nikimpoteza huyo sina mwingine, na mama atakuwa amesema kweli kwamba sina kazi. Hilo ndilo linaloniuma.

4. Kwa kuwa hapa si mfanyakazi kwa sababu nipo nyumbani, na kwenu si mfanyakazi kwa sababu sina bosi, naomba moja kati ya mawili: mnipe viza, au wewe mwenyewe uwe bosi wangu. Mshahara sitaki. Nipigie tu simu asubuhi, mama akiwa karibu, unigombeze kwa kuchelewa.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule dada wa dirishani aliyeniambia nirudi kesho kwa upole mpaka nikarudi kweli.

Wako mtiifu,
Mwombaji, ambaye pia ni mwajiri wake

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha, jirani amekuja kuniita nikamshikie ngazi. Nimemsikia mama akimwambia mlangoni kwamba niko kazini. Kazini! Kumbe ameuona muhuri wenu juu ya ile bahasha ya kunikatalia, na bila kujua kilichomo ndani ameamua kwamba serikali nzima haiwezi kuhangaika na mtu asiye na kazi. Shangazi ameondoa magauni. Mapacha wamefukuzwa wakacheze nje. Machozi yamenilenga, sikufichi.

Sasa siendi popote. Mkinikubalia itanibidi nisafiri. Mkinikatalia na mama akajua, narudi kwenye mtungi wa gesi. Kwa hiyo naomba rufaa hii isikubaliwe wala isikataliwe, iendelee tu kushughulikiwa, kazi ambayo najua ofisi yako inaiweza. Na kila mwezi nitumieni bahasha, hata tupu, ila muhuri uonekane.